Mvua Haisubiri Hati ya Malipo

Jumapili iliyopita, baada ya sala ya alasiri, ndugu yangu mdogo alikuja kuketi nami barazani, hapa Shella, Malindi, akiwa ameikunja mkononi barua ya bintiye ya kujiunga na chuo kikuu. Yeye ni mchuuzi wa samaki. Hununua kwa wavuvi alfajiri na kuwauzia wenye hoteli, na hesabu zake zote huziweka katika daftari moja la mistari ambalo harufu yake unaisikia kabla hujaliona. Alinisomea orodha ya malipo kipengele baada ya kipengele: mafunzo, usajili, mitihani, maktaba, matibabu, kitambulisho, matengenezo. Kisha akaiweka barua magotini na kuniuliza, “Dada, hapa anayefundisha ni nani na anayekula ni nani?”

Nilifanya kazi kwa miaka 26 katika idara ya fedha ya chuo kikuu kimoja cha umma, ambacho sitakitaja kwa kuwa baadhi ya nitakayoyasimulia hayakipambi, na nikastaafu nikiwa na cheo cha kutia saini na cha kukataa kutia saini. Kwa hiyo swali lile lilinichoma. Ndugu yangu anaamini, kama wengi wanavyoamini, kwamba chuo ni mwalimu, mwanafunzi na kitabu, na kwamba waliobaki wote ni kupe katika ngozi ya ng’ombe. Wala sikuweza kumkana moja kwa moja, kwa sababu katika chuo changu wasiofundisha walikuwa kweli wengi kuliko wanaofundisha. Nilimjibu kwa ufupi, chai ikapoa, naye hakuridhika wala mimi sikuridhika. Ndiyo sababu ya kuandika haya.

Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 inayataja malengo ya elimu ya chuo kikuu nchini Kenya, na la kwanza ni kuendeleza maarifa kwa njia ya mafunzo na utafiti. Hakuna kifungu kinachosema kwamba chuo kipo ili kiwe na vitabu safi vya hesabu. Sisi wa ofisini tulikuwa watumishi wa lengo la watu wengine, na mtumishi wa namna hiyo ana hatari mbili: ya kujiona si kitu, na ya kujiona ndiye mwenye nyumba. Watu hudhani kazi yetu ilikuwa kutunza fedha. Laiti kungekuwa na fedha nyingi za kutunza. Kazi yetu hasa, kama ninavyoiona sasa kwa mbali, ilikuwa kupatanisha kalenda mbili ambazo hazikutengenezwa zikae pamoja.

Kalenda ya kwanza ni ya Hazina. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai na kufungwa tarehe 30 Juni, na baada ya kufungwa taasisi ya umma ina miezi mitatu tu, yaani hadi tarehe 30 Septemba, kumkabidhi Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali taarifa zake za mwaka. Kalenda ya pili ni ya masomo, ambayo huwaingiza wanafunzi wapya kati ya Agosti na Septemba. Sasa zilaze kalenda hizo juu ya meza moja. Wiki zile zile ambazo mhasibu anatakiwa afunge vitabu vya mwaka uliopita na kulinganisha kila akaunti ya benki na leja yake, ndizo wiki ambazo wazazi wamejipanga dirishani: mmoja ana stakabadhi ya benki yenye jina la jirani, mwingine amelipa kwa simu na ujumbe umefutika, wa tatu ametoka Faza kwa boti na kisha kwa basi na hataki kusikia neno kesho.

Tangu mwaka 2023 kazi hiyo imeongezeka matawi. Awali, mwanafunzi aliyefadhiliwa na Serikali alilipa karo ya Sh16,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya gharama ilitoka serikalini kwenda moja kwa moja chuoni. Mfumo mpya wa ufadhili uliigawa gharama ya kila mwanafunzi katika mifuko mitatu: ufadhili wa Serikali unaopitia Mfuko wa Vyuo Vikuu, mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, yaani HELB, na mchango wa familia. Katika makundi matano ya mwaka 2024, mwanafunzi wa kundi la kwanza, la wahitaji zaidi, alipata ufadhili wa asilimia 70 na mkopo wa asilimia 25, na familia ililipa 5. Wa kundi la tano alipata 30 na 30, na familia yake ilibeba 40. Mfumo huo umefikishwa mahakamani, na Mahakama Kuu iliamua Desemba 2024 kwamba unakiuka Katiba, kabla ya suala lenyewe kupelekwa katika Mahakama ya Rufaa. Wanasheria watabishana kuhusu haki yake. Mhasibu yeye huona jambo jingine: kwa kila mwanafunzi mmoja chuo sasa kina wadaiwa watatu, na kila mdaiwa ana siku yake ya kulipa. Mwalimu naye hawezi kufundisha theluthi ya somo kisha akasubiri theluthi mbili zilizobaki.

Hapo ndugu yangu alinielewa haraka kuliko wachumi wengi niliokaa nao mikutanoni. Hoteli huchukua samaki wake Jumatatu na kumlipa baada ya siku 60, lakini mvuvi anataka fedha mkononi samaki angali anapapatika. Wakati wa kaskazi, watalii wakiwa wengi na bahari imetulia, fedha huingia. Wakati wa kusi hoteli nyingine hufungwa kabisa, na watoto wa mvuvi hawafungi kula. Akasema, “Basi kazi yenu ni kama yangu, ni kukaa katikati.” Nikamwambia, “Ni kukaa katikati bila samaki kuoza.”

Nami niliwahi kuwaacha waoze.

Ulikuwa mwezi Machi, miaka mingi iliyopita. Mhadhiri wa kilimo alileta ombi la kununua mbegu za mtama na mbolea kwa ajili ya shamba la majaribio la mwanafunzi wake wa uzamili. Kiasi chenyewe hakikufika Sh40,000. Ombi lilikuwa na saini ya mkuu wa idara na saini ya mkuu wa kitivo, lakini halikuwa na nambari ya fungu la bajeti, na bila nambari hiyo matumizi hayaandikwi katika daftari. Nikaandika kwa wino mwekundu, “Irudishwe, fungu halikuonyeshwa,” nikaitia karatasi katika trei ya kutoka, nikaendelea na nyingine. Faili lilichukua siku mbili kufika kitivoni, ambako mkuu wa kitivo alikuwa safarini. Liliporudi, mimi nilikuwa benki. Liliponifikia mezani siku tisa zilikuwa zimepita. Kisha ukafuata ununuzi wenyewe, bei za wauzaji watatu, na ile hati ya kuagizia ambayo kila mtu chuoni huiita elipio. Mbegu zilifika bohari wiki ya tatu ya Aprili. Masika yalikuwa yamekwishaanza, na jaribio lile lilihitaji mbegu ziwe ardhini kabla ya mvua ya kwanza.

Mwanafunzi alikuja ofisini kwangu, na hakuja kugombana. Alikuwa kijana mpole aliyevaa viatu vya shamba vyenye udongo mwekundu, akavivulia mlangoni kana kwamba anaingia msikitini, akaketi na kuniuliza kama fedha zile zingeweza kuwekwa hadi mwaka ujao. Hazikuweza. Tarehe 30 Juni fungu hufungwa, na kisichotumika hakina mwenyewe. Alichelewa kuhitimu kwa mwaka mzima. Jioni ile niliupekua mwongozo wa fedha kutoka jalada hadi jalada nikitafuta kosa langu, na sikuliona. Kila nilichofanya kilikuwa na kifungu chake. Ila nambari ile ya fungu, yenye tarakimu kumi na mbili, nilikuwa nikiijua kwa moyo, kwa kuwa nilikuwa nikiiandika kila wiki. Ningeweza kuijaza mwenyewe kwa kalamu ya risasi na kumpigia simu mhadhiri athibitishe. Sikuwaza hivyo, kwa sababu nilijua tarehe za Hazina zote na sikujua tarehe hata moja ya mtama.

Mwaka uliofuata nilitundika ukutani kalenda ya pili. Niliviomba vitivo vyote vinipe tarehe zao zisizohamishika: kupanda na kuvuna, safari za mafunzo, siku ambazo maabara ya kemia inafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza makundi manne mfululizo, wiki ya kuchapa mitihani. Baadhi ya wahadhiri walicheka. Walizoea kuulizwa na sisi wanataka kiasi gani, hawakuzoea kuulizwa wanataka lini. Nadhani hilo ndilo jambo la maana kuliko yote niliyoyafanya katika kazi ile, na halikugharimu zaidi ya gundi na karatasi.

Ukishajua siku, ndipo sheria inapoacha kuwa adui. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015 inaitaka kila taasisi iandae mpango wa ununuzi kabla mwaka haujaanza, inazitengea biashara za vijana, wanawake na watu wenye ulemavu asilimia 30 ya ununuzi, na inakataza mkataba wa zabuni kutiwa saini kabla ya siku 14 kupita tangu washindani wajulishwe matokeo, ili aliyekosa apate nafasi ya kulalamika. Wahadhiri huzihesabu siku hizo 14 kuwa uzembe wetu. Si uzembe, ni haki ya mtu mwingine aliyeuza kwa uaminifu akakosa. Uzembe ni kujua kwamba siku hizo zipo na kutoanza kuzihesabu mapema, kwa kurudi nyuma kutoka tarehe ya somo, mpaka ujikute na chumba cha wanafunzi 60 wenye makoti meupe na hadubini ambazo bado zimo bandarini.

Haya hayamaanishi kwamba ofisi ya fedha iwe ya kumkubalia kila ajaye. Nikumbuke masurufu. Kanuni za fedha za umma zinasema aliyepewa masurufu ya safari ayarejeshee hesabu ndani ya siku saba za kazi baada ya kurudi, na hakuna kanuni iliyoniletea maadui wengi kama hiyo. Mtafiti mmoja wa viumbe wa baharini alikwenda Kiunga, kaskazini kabisa ya Lamu, kuhesabu viota vya kasa, akarudi na bahasha. Mafuta yalikuwa na stakabadhi, nyumba ya kulala Amu, yaani mjini Lamu, ilikuwa na stakabadhi, lakini kwa boti, ambayo ndiyo iliyokula fedha nyingi zaidi, alikuwa na ukurasa uliochanwa katika daftari la shule. Nahodha alikuwa ameandika kwa mkono wake kwamba amepokea malipo ya siku nne, akataja kila siku walikolala, akaweka nambari ya kitambulisho, nambari ya simu na dole gumba lililotiwa wino. Mhasibu kijana aliyekuwa chini yangu aliikataa kwa sababu haikuwa na muhuri.

Niliikubali, nikaandika chini yake sababu za kuikubali. Ilitaja nani alilipwa, kwa kazi gani, kwa siku ngapi, na ilimpa mkaguzi mtu wa kumuuliza. Mwezi huo huo nilizikataa stakabadhi tano zilizochapwa vizuri na kupigwa mihuri ya mviringo, za mkahawa mmoja wa mjini, za siku tano tofauti, ambazo nambari zake zilifuatana kama vifaranga nyuma ya mama yao. Mkahawa gani huo uliopata mteja mmoja tu kwa siku tano? Mwenye stakabadhi alikasirika sana, na alikuwa mkubwa kuniliko. Lakini fedha zile zilikuwa na lengo, na lengo lake halikuwa yeye. Kumkatalia mkubwa ni sehemu ya kufundisha pia, ingawa hakuna mwanafunzi atakayekuja kukushukuru kwa hilo siku ya mahafali.

Utafiti unastahili neno zaidi, kwa sababu hapo ndipo watu wasomi kabisa hukosea hesabu. Kilifi, mji tunaoupita tukienda Mombasa, una kituo cha utafiti wa tiba kilichoanzishwa mwaka 1989 kwa ushirikiano wa KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na Wellcome, shirika la hisani la Uingereza, na kazi yake kuhusu malaria inajulikana duniani. Mgeni akitembezwa katika maabara yoyote ya aina hiyo huonyeshwa hadubini na wanasayansi. Haonyeshwi dizeli ya jenereta inayolinda majokofu ya nyuzi 80 chini ya sifuri umeme unapokatika, wala karani anayehakikisha mishahara ya wanaotembea nyumba hadi nyumba vijijini imetoka, wala anayeandika taarifa ya matumizi ambayo mfadhili akiikosa fungu lijalo haliji. Wafadhili hupenda kulipia sindano na hawapendi kulipia umeme. Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, NIH, kwa miaka mingi ziliwaruhusu wapokeaji walio nje ya Marekani asilimia 8 tu kwa gharama hizo za nyuma ya pazia. Gharama isipotosheka kwa asilimia hiyo haitoweki. Hulipwa kutoka mahali pengine, na katika chuo mahali pengine ni karo. Nilipomweleza ndugu yangu kwamba huenda samaki wake watalipia umeme wa utafiti wa profesa, alinyamaza kidogo, kisha akasema hana kinyongo iwapo profesa ataandika shukrani.

Wazee wetu wa Pwani walilijua tatizo hili kabla ya neno bajeti kufika hapa. Mtu aliyetaka watoto wasome baada ya kufa kwake hakuacha fedha taslimu, aliacha wakfu: shamba la minazi, au nyumba ya kupangishwa, na msimamizi aliyeapa kwamba mali yenyewe haitauzwa na kwamba kinachotoka humo kitamlipa mwalimu na kununua mafuta ya taa. Al-Azhar ya Cairo ilisomesha watu kwa karne nyingi kwa mapato ya wakfu. Vyuo vyetu vya umma vilizaliwa bila minazi. Vilizaliwa vikimtegemea mzazi mmoja tajiri, yaani Serikali, na mzazi huyo alipopungukiwa vikaanza kutafuta kibarua.

Kibarua chenyewe kilikuwa masomo ya wanaojilipia, yale yaliyoitwa sambamba, ambayo Chuo Kikuu cha Nairobi kiliyaanza mwaka 1998 na vingine vikafuata mbio. Nilikuwa mezani fedha hizo zilipokuwa zikiingia, na sitasahau utamu wake. Majengo yalipanda, matawi yakafunguliwa hadi juu ya maduka na mabenki, wafanyakazi wakaajiriwa kwa mikataba ya kudumu dhidi ya mapato yasiyo ya kudumu. Kisha mwaka 2016 udanganyifu katika mtihani wa KCSE ulibanwa, waliopata alama ya C+ na zaidi, inayomfungulia mtu mlango wa chuo kikuu, wakawa chini ya 90,000, na mwaka uliofuata takriban 70,000. Waliofuzu wote wakapata nafasi za kufadhiliwa na Serikali, na kisima cha wanaojilipia kikakauka katika misimu miwili. Naweza kusema kwamba hakuna aliyetabiri, lakini hilo si kweli kabisa, hatukutaka kutabiri. Tulikuwa na hesabu za mapato kwa kila wiki, na hatukuwa na hesabu ya sababu ya mapato. Idara ya mipango, ambayo kazi yake ni hiyo hasa, ilikuwa na watu wawili na kompyuta moja, na ilikaa katika chumba kilichokuwa stoo ya viti.

Waliolipia kosa hilo si sisi peke yetu. Chuo kinapopungukiwa, jambo la kwanza ambalo hulipwa ni mshahara halisi, yaani kile anachokiona mtu mkononi, na jambo la kwanza ambalo huahirishwa ni kile asichokiona: makato ya pensheni, makato ya mikopo ya ushirika, malipo ya walimu wa muda. Ofisi yangu ilifanya hivyo zaidi ya mara moja kwa amri kutoka juu, na hati za kuahirisha zina saini yangu. Mhadhiri anayegundua mwaka anaostaafu kwamba makato yake hayakufika hawezi kuambiwa kuwa idara ya fedha inaunga mkono lengo la chuo. Ule mgomo wa wahadhiri wa mwaka 2025, uliovifunga vyuo vya umma kwa wiki kadhaa, ulihusu Sh7.9 bilioni za makubaliano ya mishahara ya mwaka 2017 hadi 2021. Deni la ofisini huzeeka hivyo hadi siku moja likatoka darasani likiwa na mabango.

Upande wa utawala nimeupita mbio, na ningetendewa hivyo ningelalamika. Basi niseme habari ya masjala. Katika chuo chetu masjala ilikuwa chumba cha chini, kirefu na chenye joto, na aliyekisimamia alikuwa mama mmoja asiye na shahada yoyote, ambaye alimaliza kidato cha nne na kuanza kazi akiwa msichana. Mwaka mmoja paa la jengo lilipokuwa likitengenezwa, wakubwa waliamua mafaili ya wanafunzi wa zamani yapangwe sakafuni kwa muda. Alikataa. Aliambiwa ni amri, akasema amri iandikwe na itiwe saini, na aliyeiandika aitwe siku maji yatakapoingia. Hakuna aliyeiandika, mafaili yakabaki juu ya mbao, na maji yaliingia mwezi huo huo, kina cha kifundo cha mguu.

Miaka mingi baadaye alitujia mtu mzima kutoka Lamu, aliyekuwa akifanya kazi Ghuba, na mwajiri wake alikuwa amempa siku kumi athibitishe kwamba shahada yake ni ya kweli. Alikuwa amesoma enzi za taipureta. Mfumo wa kompyuta haukumjua kabisa. Yule mama alimuuliza mwaka na kitivo, akachukua ngazi, na baada ya dakika zisizozidi 20 akashuka na faili lililofifia rangi, lenye picha ya kijana mwenye nywele nyingi. Mtu yule, ambaye sasa hakuwa na nywele hata moja, aliishika picha akacheka hadi akatoa machozi. Chuo kinampa mhitimu neno lake kwamba amesoma, na neno hilo lilikuwa limehifadhiwa juu ya mbao kwa ukaidi wa karani mmoja. Anapolipwa huyo, je, ni mafunzo au si mafunzo? Ndugu yangu aliniambia hiyo ingetosha kuwa jibu, na kwamba nilipaswa kuanza nayo.

Kisha tukarudi kwenye barua ya bintiye, kwa sababu hiyo ndiyo iliyomleta. Alikuwa amemwombea basari katika wadi yetu, akapewa, na akadhani mambo yamekwisha. Nikamuuliza kama fomu ilikuwa na nambari ya usajili ya chuo. Akasema ilikuwa na jina, la mtoto na la baba na la babu, na je, si linatosha? Halitoshi. Basari hufika chuoni kwa hundi moja kubwa iliyoambatana na orodha ya majina, na huku kwetu, ambako kila familia inawarithisha wajukuu majina ya babu na bibi, si ajabu kukuta katika chuo kimoja wasichana watatu ambao majina yao yanafanana herufi kwa herufi. Mhasibu mwaminifu hathubutu kubahatisha. Huiweka fedha hiyo katika akaunti ya kusubiri, huandika barua ya kuuliza, na barua ikikosa jibu fedha hukaa pale, wakati mwenyewe anasimama nje ya chumba cha mtihani akiambiwa ana deni. Nimezikuta katika akaunti hiyo fedha za wanafunzi waliokwisha kuacha masomo kwa kukosa karo.

Binti mwenyewe, aliyekuwa akisikiliza kutoka mlangoni, akauliza, “Shangazi, sasa tufanyeje?” Nilimwambia baba yake aende ofisi ya wadi Jumatatu asubuhi akiwa na nakala ya barua ya chuo, aombe nambari iandikwe mbele ya jina, na asiondoke mpaka aione kwa macho yake. Alikwenda, samaki wake akamwachia mwanawe wa kiume. Alinipigia simu saa nne kasoro: orodha ilikuwa imeondoka Ijumaa.

Kwa hiyo jana nimemwandikia barua mkuu wa fedha wa chuo hicho, ambaye simjui naye hanijui. Nimeweka jina kamili, nambari ya usajili, jina la wadi, na nakala ya kitambulisho cha baba. Nimemwomba, hundi hiyo ikifika, asiipeleke akaunti ya kusubiri bila kwanza kuinua simu, na nambari mbili za simu nimeziandika kwa herufi kubwa juu kabisa ya ukurasa.